«Ni i7, inafanya kila kitu»: lebo inayokula pesa zetu sisi wa montaji



Kila kijana aliyetafuta laptopu ya okazio kati ya Uvira na Bujumbura amesikia sentensi hii: «Ni i7, ndugu, inafanya kila kitu.» Akirudi nyumbani, mashini ikianza kukwama kwenye montaji, anakutana na sentensi ya pili: «Ongeza RAM tu, itaruka.» Leo nataka kuzikosoa zote mbili. Si uongo mtupu. Kila moja ina ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo maana zinatoboa mifuko yetu vizuri namna hii.

Jambo hili linatugusa kweli. Wengi kati yetu tumemaliza lisansi, kazi hazikuonekana, na video imekuwa chakula: harusi, matanga, kwaya, sherehe za kumaliza masomo, ripoti za mashirika. Mimi ni mwagronomia. Ninatengeneza video fupi za wakulima wa bonde la Ruzizi: namna ya kuchagua vijiti vya mihogo visivyo na ugonjwa, namna ya kukausha mahindi. Kwa mtu wa hali yetu, dola mia si pesa ya kujaribu bahati. Ni miezi ya kujinyima. Ukizitia mahali pabaya, hakuna wa kukurudishia, hasa kama muuzaji yuko ng'ambo ya mpaka.

Wenzangu wa kitivo cha kilimo wanaikumbuka sheria ya Liebig, ile ya kiwango cha chini. Mavuno hayafuati jumla ya virutubisho vyote shambani. Yanafuata kile kilicho kichache kuliko vyote. Kama udongo umekosa fosforasi, unaweza kumwaga urea mpaka ufilisike na mahindi yatabaki mafupi. Pipa lenye ubao mmoja mfupi halijai kupita ubao huo. Laptopu ni pipa la namna hiyo. Ina prosesa, RAM, diski, kadi ya picha, betri na feni. Kuongeza chochote bila kujua ubao mfupi ni upi ni sawa na kuweka mbolea bila kupima udongo.

Basi tuanze na i7 yenyewe.

i7 ni jina la daraja ndani ya kizazi fulani. Peke yake haikuambii nguvu ya mashini. Chukua HP EliteBook 840 G1 yenye i7-4600U. Ni prosesa ya kizazi cha 4, na ina kore mbili tu. Weka pembeni yake laptopu yenye i5-8250U, ya kizazi cha 8, iliyotoka mwaka 2017. Hii ni «i5 tu», lakini ina kore nne. Kwenye eksporti ya video, ambako kazi inagawanywa kwa kore zote, hiyo i5 itaiacha i7 ya zamani mbali sana. Anayelipa zaidi kwa sababu ya stika ya i7 analipia stika.

Namba za kusoma ni zile zinazofuata mstari. Katika 4600U, 4 ya kwanza ni kizazi. Katika 8250U, ni 8. Herufi ya mwisho nayo inasema: U ni prosesa ya kubana umeme, HQ au H ni yenye nguvu zaidi, inayokula umeme zaidi na kutoa joto zaidi. Muuzaji akikataa kuwasha mashini ili usome namba kamili, funga pochi yako.

Kizazi kina uzito kwa sababu nyingine pia, ambayo haitajwi dukani. Telefone nyingi za leo hurekodi kwa HEVC, au H.265. Inabana faili vizuri, lakini kuifungua ni kazi nzito. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 6 zina sehemu maalumu ya kufungua HEVC ya kawaida, ya biti 8. Ile ya biti 10 ilianza kufunguliwa vizuri kwenye kizazi cha 7. Ukiwa na kizazi cha 4, kore zako mbili zinabeba mzigo wote zenyewe, na video inaruka-ruka kwenye skrini. Hapo ndipo mtu anaambiwa aongeze RAM. Ataongeza, na video itaendelea kuruka-ruka, juu ubao mfupi haukuwa RAM.

Na prosesa huwezi kuibadilisha. Kwenye laptopu hizi zenye herufi U imechomelewa kwenye bodi. Kadi ya picha vilevile, karibu laptopu zote. Ukinunua laptopu, vitu hivyo viwili umevioa. Vinavyobadilika ni RAM, diski, betri, na usafi wa ndani. Kwa hiyo pesa ya kununua mashini inatafuta kizazi cha prosesa kwanza; pesa ya kuboresha inakuja baadaye kwa vingine. Watu wengi wanafanya kinyume: wananunua mashini ya kizazi cha 4 kwa bei ndogo, halafu wanaizungushia vipuri mpaka jumla inafika bei ya kizazi cha 8.

Kuna hoja moja zaidi. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, na Microsoft waliweka tarehe 14 Oktoba 2025 kuwa mwisho wa msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mashini ya zamani haifi siku hiyo, na Linux inaendelea kuishi ndani yake vizuri. Lakini mtu anayekuuzia kizazi cha 4 kwa bei ya kizazi cha 8 anakuuzia pia umri.

Sasa RAM. Gigabaiti 4 kwa montaji ni njaa. Gigabaiti 8 zinatosha kazi za 1080p kwenye programu nyepesi, kama hukufungua kurasa ishirini za intaneti pembeni. Gigabaiti 16 ndipo mtu anapumua. DaVinci Resolve, ambayo wengi tunaitamani juu toleo lake la bure ni zuri, watengenezaji wake wanaomba gigabaiti 16, na 32 kama unatumia sehemu ya Fusion. Hata hivyo Resolve inategemea sana kadi ya picha. Kuipa RAM laptopu isiyo na kadi ya picha ya maana, halafu kungoja Resolve itembee kama kwenye video za mafunzo, ni kumwagilia jiwe.

Kabla ya kununua RAM, fungua chini uangalie. Kuna laptopu zenye nafasi mbili, kama EliteBook 840 G3 au ThinkPad T480. Kuna zenye nusu imechomelewa na nafasi moja, kama T480s. Na kuna ambazo RAM yote imechomelewa, kama X1 Carbon. Hizo ni nyembamba na nzuri machoni, lakini ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Angalia pia aina: DDR3L haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Na kama mashini haina kadi ya picha yake, vipande viwili vya 4 ni bora kuliko kimoja cha 8, kwa sababu picha inakopa RAM, na njia mbili zinapitisha zaidi kuliko moja. Lakini kama unapanga kufika 16 baadaye, kimoja cha 8 leo na kingine mwezi ujao ni akili zaidi.

Diski ya SSD ndiyo inayosifiwa kuliko zote, na hapa nitawakasirisha baadhi ya mafundi. SSD ni kitu kizuri sana. Kama bado una diski ya kuzunguka, mashini itawaka haraka, programu itafunguka haraka, na hutaangalia kile kiduara kinazunguka mpaka umeme ukatike. Lakini SSD haiharakishi eksporti. Tufanye hesabu. Telefone ya iPhone ikirekodi 1080p kwa fremu 30, kwa mfumo wa H.264, inatumia takriban megabaiti 130 kwa dakika. Hiyo ni kama megabaiti 2 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka, hata ya zamani, inasoma karibu 100 kwa sekunde ikisoma faili moja kwa mfululizo. SSD ya SATA inafika kama 500, na NVMe inapita hapo mara kadhaa. Kwa video moja ya megabaiti 2, zote zina nafasi ya ziada. Anayekwambia NVMe itapunguza eksporti yako kutoka saa moja hadi dakika kumi hajui kilichochelewesha eksporti hiyo. Ilikuwa prosesa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi: toka kwenye diski ya kuzunguka uende SSD, ndiyo, haraka. Kutoka SSD ya SATA kwenda NVMe kwa ajili ya video za telefone, hapana, nunua chakula. Kama laptopu yako ina nafasi ya M.2, kumbuka kwamba M.2 ni umbo tu. Ndani yake inaweza kuwa SATA au NVMe, na kwa macho zinafanana. Uliza mashini yako inakubali ipi kabla ya kuvuka Kavimvira. Diski ya zamani usiitupe. Ivalishe kasha la USB, iwe ghala la video zilizokwisha.

Na jihadhari na zile flashi za «tera 2» kwa bei ya soda. Nyingi zimedanganywa ndani: zinaonyesha tera 2, lakini uwezo wa kweli ni gigabaiti chache. Ukipita hapo, faili mpya zinafuta au kuharibu za zamani, na hutajua mpaka bwana harusi aje kuuliza video yake. Programu ndogo ya bure inayoitwa H2testw inajaza flashi na kuisoma tena. Ipe flashi mpya usiku mmoja wa kipimo kabla ya kuipa kazi ya mtu.

Namna ya kupima udongo sasa. Fungua mradi wako wa kawaida, mzito kidogo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Inafunguka Gestionnaire des tâches, juu Windows zetu nyingi ziko kwa Kifaransa. Fanya montaji kwa dakika kumi ukiangalia mistari mitatu. Kama Mémoire inakaa juu ya asilimia 90 na Disque nayo inapanda bila sababu, RAM imekwisha na mashini inatumia diski kama RAM ya dharura: nunua RAM. Kama Disque iko 100 wakati wa kufungua vitu, huku Mémoire bado ina nafasi, nunua SSD. Kama Processeur iko 100 wakati wa kucheza video tu, tatizo ni aina ya video au kizazi cha prosesa. Kama Processeur iko 100 wakati wa eksporti, hiyo ni kawaida. Inafanya kazi uliyoiomba. Na kama inaanza vizuri halafu baada ya dakika chache inapoa mwendo huku feni ikilia, ni joto. Feni imejaa vumbi la kiangazi, na pasta iliyo juu ya prosesa imekauka. Kusafisha na kupaka pasta mpya ni kazi ndogo ya fundi, na kwa joto la ufukwe wetu inaweza kurudisha nguvu ambayo wengine wanakwenda kuinunua.

Nakuja kwenye lawama yangu kubwa. Mashauri mengi tunayofuata yametengenezwa na watu wasioishi kama sisi. Wanasema: nunua laptopu ya wacheza gemu, au tengeneza kompyuta ya mezani, utapata nguvu mara tatu kwa bei ileile. Kwao ni kweli. Lakini laptopu ya gemu inakuja na chaja ya wati 180, 230. Laptopu ya ofisi ina chaja ya wati 45 au 65, na kwenye montaji ya kawaida inakula kama 30. Tuseme una betri ya gari ya volti 12, ampea-saa 50. Ni wati-saa 600 kwa hesabu ya daftari, lakini betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 300. Toa kinachopotea kwenye inveta, na laptopu ya wati 30 itafanya kazi kama saa nane. Mashini inayovuta wati 150 haitamaliza saa mbili. Kwa mtu ambaye umeme wake unakuja usiku na kuondoka asubuhi bila kuaga, hiyo ni tofauti ya kupeleka kazi kwa wakati au kumkosa mteja.

Kompyuta ya mezani ina kasoro nyingine ambayo hakuna mshauri wa mbali atakayeiwaza. Uvira tunajua kukimbia. Aprili 2020 mto Mulongwe ulivunja kingo, ukabeba nyumba na watu. Baadaye ziwa lenyewe lilipanda hadi kwenye vitanda vya watu wa ufukweni. Na vita, kila mmoja wetu anajua begi lake lilikuwa na nini siku ile. Mashini isiyoingia begini hapa kwetu si mashini ya kazi. Kwa sababu hiyohiyo, pesa ya kwanza ya ziada isiende kwenye kasi. Iende kwenye nakala ya pili ya kazi zako, ikae nyumba nyingine.

Kuna pia maboresho yasiyo na bei. Telefone yako irekodi 1080p badala ya 4K. Fremu ya 4K ina pikseli zaidi ya milioni 8. Ya 1080p ina milioni 2 na kidogo. Unaipa mashini mzigo mara nne, halafu video inakwenda WhatsApp ambako inabanwa mpaka mihogo inafanana na matete. Zima pia HEVC kwenye mipangilio ya kamera, urekodi H.264: faili inakuwa kubwa, montaji inakuwa nyepesi. Halafu tumia proksi. Kdenlive na Shotcut, zote za bure na za halali, zina njia ya kutengeneza nakala ndogo ya kila video. Unakata na kupanga kwa nakala ndogo, na kwenye eksporti programu inarudi kwenye zile kubwa. Video ya dakika 12 niliyoitengeneza kwa wakulima wa upande wa Luberizi ilikatwa hivyo, kwenye 840 G3 yenye gigabaiti 8. Proksi ziliundwa usiku umeme ulipokuja, na montaji ikafanyika mchana kwa betri.

Wengine watasema: wateja wanataka rangi za Resolve na madoido ya Premiere. Hoja ina uzito. Anayepiga klipu za muziki na kulipwa vizuri ana haki ya kutafuta mashini yenye kadi ya picha, na mimi siwezi kumwambia abaki na Kdenlive. Lakini ahesabu kwanza klipu hizo zinalipa lini bei ya mashini na ya umeme wake. Na Premiere iliyovunjwa, inayopita kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono, mara nyingi inaleta virusi pamoja nayo. Nimeona kazi za mwaka mzima zikifungwa kwa njia hiyo. Nafuu ya namna hiyo siitaki.

Na kuna ubao mfupi ulio nje ya mashini kabisa. Tazameni video zetu nyingi, za harusi, za mashirika, za kilimo. Picha zinavumilika. Sauti ndiyo inayotuaibisha: upepo wa ziwa, pikipiki, jenereta, na mama anayeeleza jambo la maana kwa Kifuliiru bila mtu kusikia hata nusu. Mkulima atasamehe picha yenye ukungu. Hawezi kufuata ushauri asiousikia. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati, yenye sifongo au kipande cha manyoya ya kuzuia upepo, itaboresha video zetu kuliko gigabaiti 8 za ziada, na bei yake haifiki ya RAM.

Kwa hiyo kama una dola mia leo na laptopu inayowaka, mpangilio wangu ni huu: pima kwanza, safisha feni, badilisha mipangilio ya telefone, nunua maikrofoni, kisha SSD kama bado unazungusha diski, kisha RAM kama kipimo kimesema hivyo, kisha diski ya nakala. Kama huna laptopu bado, tafuta kizazi cha 8 cha ofisini, chenye nafasi mbili za RAM, hata kama stika inasema i5 na imekwaruzika. Na muuzaji akikwambia inafanya kila kitu, mwombe akufungulie video moja ya telefone yako pale pale dukani, muangalie pamoja.